Msitu wa Maweni na Matimbo: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tunapoitwa barazani, iwe Kilifi, Kwale au ng'ambo ya mpaka kule Tanga, maswali huja yale yale. Kuna anayeuliza kwa hasira kwa sababu timbo, yaani shimo la kuchimbia mawe, ndilo linalompa unga, na kuna anayeuliza kwa huzuni kwa sababu kichaka alichokuta babu yake kimegeuka shimo. Mimi ninayeandika nimekulia kando ya timbo, na jiwe lililojenga nyumba yetu lilitoka humo. Nayajibu maswali haya nikijua hivyo.

Msitu wa maweni ni msitu gani? Mbona sisi tunaona vichaka na miiba tu?

Sehemu kubwa ya pwani yetu, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, imekaa juu ya matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na hapa tunapolima na kujenga palikuwa chini ya maji. Bahari iliposhuka, matumbawe yalibaki nje yakagandamana kuwa jiwe. Wazanzibari huiita ardhi ya aina hii maweni au uwanda. Udongo wake ni haba, umejificha kwenye nyufa, na mti unaoota hapo hulazimika kupitisha mizizi katikati ya mwamba kutafuta unyevu. Ndiyo maana miti mingi ni mifupi, imesongamana, na mtu aliyezoea misitu ya milimani hupita akasema hapa hapana kitu.

Jicho hilo ndilo lililotugharimu zaidi ya tingatinga lolote. Ardhi ikishaitwa "vichaka" au "pori tupu", kila matumizi mengine huonekana faida. Lakini mti mfupi uliosimama kwenye maweni waweza kuwa na umri mkubwa kuliko mwembe mnene wa shambani, kwa sababu ulikua kwa shida, na mahali pake hapazibiki kwa msimu mmoja wa mvua.

Ni wanyama gani hasa wanaoishi humo?

Nianze na yule ninayempenda kuliko wote: sange mwenye kiuno cha dhahabu. Ni mnyama mdogo wa nusu kilo hivi, mwenye pua ndefu anayoichezesha, miguu myembamba, na nyuma yake pana baka la manjano linalong'aa kama limepakwa rangi. Ukitembea asubuhi ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, au kwenye miti inayozunguka magofu ya Gede, utasikia majani makavu yakikwaruzwa kisha utaona kitu cha dhahabu kikipotea. Mnyama huyu anapatikana pwani ya Kenya peke yake, na nguzo yake kubwa ni Arabuko-Sokoke. Akitoweka hapa, ametoweka duniani.

Arabuko-Sokoke ina ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndiyo kipande kikubwa kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Humo yumo bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 au 17, aliyetambuliwa na wanasayansi katika miaka ya 1960. Anakaa kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu, na mbali na hapo ameonekana pia kwenye vilima vya chini vya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Yumo mnana wa Kilifi, ndege wa manjano na mweusi anayetafuta chakula juu ya miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe. Tafadhali shika hilo: msitu mmoja, lakini huyu anataka udongo mwekundu na yule anataka mchanga mweupe. Anayesema "tufyeke upande mmoja, mwingine utabaki" huenda anafyeka nyumba nzima ya mmoja wao.

Paa nunga naye, swala mdogo kabisa mwenye utosi mwekundu, amebaki Unguja na kwenye vipande vichache vya msitu wa pwani ya Kenya. Mbega wa Diani unawajua. Komba unawasikia usiku. Misitu iliyobaki kuzunguka Dar es Salaam, kama Pugu, Kazimzumbwi na Pande, inahifadhi komba mdogo wa Rondo, ambaye zaidi ya mara moja ameorodheshwa miongoni mwa jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Huyo ni jirani wa jiji lenye mamilioni ya watu, na wengi wao hawajawahi kusikia jina lake.

Na kuna wasiokimbia wala kulia. Konokono wa mawe ya chokaa, ambao baadhi yao wana kilima kimoja tu duniani. Na ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda kwenye vyungu madirishani: mbegu zake za kwanza zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 kutoka Usambara. Ndugu yake mmoja huota kwenye miamba michache ya chokaa ya Kilifi, kama ule wa Cha Simba, kwenye kivuli cha miti. Jiwe likivunjwa, ua hilo linakufa. Miti ya juu ikikatwa na jiwe likaachwa, linakufa vilevile, kwa jua.

Si wanyama watahama tu? Wana miguu.

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na aghalabu anayeuliza hana ubaya. Tumezoea kuona nyani akifukuzwa hapa anaibukia pale. Basi tuhesabu pamoja.

Sange huishi wawili wawili, dume na jike, na kila jozi inalinda eneo lake la hekta 1.7 hivi, yaani ekari nne na ushei. Ndani ya eneo hilo wana viota kadhaa vya majani makavu sakafuni mwa msitu, wanabadilisha pa kulala ili adui asiwazoee. Sasa tingatinga likifyeka hekta kumi, jozi tano au sita zimepoteza makazi. Zikikimbilia msitu wa jirani, zinakuta kila ekari nne zina wenyewe, na wenyewe hawana huruma. Mgeni atafukuzwa hadi kwenye ukingo, kule kusiko na majani makavu ya kutosha, ambako mbwa wanapita na mwewe anaona kila kitu. Kwa wiki chache utaona wanyama wengi upande wa pili ukadhani wamehama salama. Baada ya mwaka, idadi itakuwa ile ile ambayo msitu uliobaki unaweza kulisha. Waliozidi wamekufa, na hakuna aliyewaona wakifa.

Na hao ndio wenye miguu. Kinyonga ataanza safari yake kuvuka eneo lililofyekwa jua likiwa utosini. Konokono hataanza kabisa.

Kufyeka shamba na kuchimba timbo, kipi kibaya zaidi?

Kwa ukubwa wa eneo, kufyeka kumemeza misitu mingi kuliko matimbo. Mkaa, mashamba, nyumba za kupangisha na mahoteli ndivyo vilivyokula pwani. Huko Dakatcha, kaskazini-magharibi mwa Malindi, palikuwa na mpango wa kulima jatrofa kwa ajili ya mafuta kwenye makumi ya maelfu ya hekta. Wenyeji na watu wa mazingira wakaupinga hadi ukasimama. Baadaye, mwaka 2013, ndipo mnana wa Kilifi alipopatikana akizaliana humo humo Dakatcha, kwenye madimbwi ya msimu yenye nyasi ndefu. Kabla ya hapo hakuna mtafiti aliyejua ndege huyu anatagia wapi. Fikiria kama jatrofa ingeshapandwa.

Lakini kwa undani wa jeraha, timbo linazidi. Shamba lililofyekwa likaachwa bado lina mizizi, mbegu na udongo wake. Visiki vitachipua, na baada ya miaka kadhaa kichaka kitarudi, hata kama wakazi wake wa zamani watachelewa. Timbo huondoa udongo kwanza, kisha jiwe lenyewe ambalo udongo ulikuwa umelikalia. Nyufa zilizoshika maji ya mvua hazipo tena. Hapo hakuna cha kuchipua.

Mara nyingi, tena, vitu hivi viwili ni hatua za kazi moja. Anatangulia mchoma mkaa, anafuata mwenye panga, kisha mwenye msumeno wa mawe, na mwisho lori linapata barabara. Barabara ile ndiyo inayobaki hata timbo likifungwa, na kwayo huingia wa kuni, wa mitego na wa viwanja.

Timbo letu ni la ekari moja tu. Linadhuru nini?

Peke yake, pengine kidogo. Shida ni kwamba matimbo madogo hayakai peke yake. Pita kati ya Mtwapa na Kilifi uone yalivyofuatana. Kila moja lina ekari yake, njia yake ya lori, lundo lake la vifusi. Msitu uliokuwa shuka moja unakuwa viraka.

Kiraka kina ugonjwa wake, na ugonjwa huo huanzia ukingoni. Upepo na jua vinaingia ubavuni, majani makavu ya sakafuni yanakauka kupita kiasi, wadudu wanaopenda unyevu wanapungua, na sange anayewala wadudu hao anasogea ndani. Kiraka kikiwa kidogo, hakina ndani: chote ni ukingo. Mbega naye akitaka kwenda mti wa pili analazimika kushuka chini na kuvuka barabara, au kupita kwenye nyaya za umeme. Diani wanajua gharama yake. Shirika la kulinda mbega lililoanzishwa huko mwaka 1997 lilianza kutundika madaraja ya kamba juu ya barabara kwa sababu mbega walikuwa wakigongwa na magari. Madaraja yale yanasaidia kweli, nami nimefurahi kila nilipoona mama na mtoto wakipita juu ya matatu. Lakini daraja ni bandeji. Kabla yake palikuwa na matawi yaliyogusana.

Kwa hiyo ukiniuliza swali hili, nitakuuliza: timbo lenu liko wapi kwenye shuka? Likiwa kwenye pindo, karibu na mengine yaliyokwisha fungwa, ni jambo moja. Likiwa katikati, au kwenye ule mkanda mwembamba unaounganisha misitu miwili, ekari hiyo moja ina uzito wa ekari mia.

Mapango yana nini cha kulinda? Ni popo tu.

Neno "tu" ndilo tunaloomba liondolewe.

Jiwe la chokaa huyeyuka polepole kwa maji ya mvua, na kwa maelfu ya miaka hutoboka mapango. Shimoni, kusini mwa Kwale, ina jina hilo kwa sababu hiyo. Fikirini karibu na hapo wana mapango yao, na Tanga wana Amboni. Ndani ya mapango ya pwani wanalala popo wa aina nyingi, na pango moja linaweza kuwa na maelfu. Wapo wala matunda na wapo wala wadudu, mbu na wadudu wa mashambani wakiwemo.

Popo wala matunda ndio wanaochavusha mbuyu. Ua la mbuyu hufunguka usiku, kubwa, jeupe, lenye harufu nzito, na mgeni wake ni popo. Mwaka 2022, mibuyu ya Kilifi ilipong'olewa mizima ili isafirishwe hadi Georgia, nchi nzima ilipiga kelele, na nafurahi ilipiga. Lakini pango lenye popo likisagwa kuwa kokoto hakuna anayepiga kelele, ingawa mibuyu yote ya kijiji inalitegemea ili izae.

Popo wengi huzaa mtoto mmoja kwa mara moja. Kundi lililopoteza pango lake wakati wa kunyonyesha haliwezi kuhama na watoto wote, na haliwezi kujaza pengo upesi kama panya. Pango lenyewe huwezi kulipanda. Mti tunaweza kuupanda, hata kisima tunaweza kukichimba. Pango lenye joto na unyevu ambao popo wameuchagua lilichukua muda ambao ukoo wetu wote hauwezi kuuhesabu.

Baruti, vumbi na kelele vinawaathiri wanyama walio mbali na shimo?

Ndiyo. Vumbi la chokaa hutanda kwenye majani. Jani lililofunikwa hutengeneza chakula kidogo, na mla majani kama mbega hula vumbi pamoja na jani. Ndege anayetegemea sauti kumwita mwenzake hukosa nafasi ya kusikika mashine zikivuma kutwa. Mlipuko ndio mbaya zaidi kwa popo na kwa ndege walio kwenye viota. Saa na msimu vinaweza kupunguza madhara haya: usilipue machweo wakati popo wanatoka, punguza kazi wakati wa kuzaliana, mwagia maji barabara ya malori. Ni hatua za bei ndogo, na hakuna sababu ya kutozidai.

Bamburi walichimba miaka mingi na leo pana mbuga. Si ushahidi kwamba shimo hurudi kuwa msitu?

Namheshimu sana aliyefanya kazi ile, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi katika miaka ya 1950. Kufikia 1971 palikuwa na jangwa la mawe meupe lililochimbwa hadi karibu na maji ya chumvi ya chini. Mwaka huo Rene Haller alianza kujaribu miti. Kati ya aina 26 alizopanda, tatu tu ndizo zilizosimama: mvinje, mnazi, na mti wa damas wenye asili ya upande wa Somalia. Mvinje ndio uliookoa mambo kwa sababu unaweza kuishi penye chumvi na pasipo rutuba. Lakini vijiti vyake vilivyodondoka havikuoza, vilirundikana tu. Suluhisho likawa jongoo. Waliletwa jongoo wakubwa wenye miguu myekundu, wakala vile vijiti, wakanya, na kinyesi chao kikawa udongo wa kwanza wa shimo lile. Kila nikiwaeleza watoto wa shule habari hii huwaona wakibadilisha namna wanavyomtazama jongoo.

Baadaye wakaja ndege, miti mingine ikapandwa, mabwawa ya samaki yakachimbwa. Wengi mnamkumbuka kiboko Owen, aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akapelekwa huko, akafanya urafiki na kobe mkubwa Mzee.

Sasa angalia vizuri nani anakaa pale. Kobe Mzee ni wa jamii ya Aldabra, Shelisheli. Kiboko aliletwa, na wanyama wengine wengi wakubwa pia waliletwa. Miti iliyoanza kazi ilichaguliwa kwa uvumilivu wake, haikuchaguliwa kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Bamburi imethibitisha jambo kubwa: kwamba shimo lililokufa linaweza kuvikwa uhai tena, kwa mtaalamu aliyejitoa, kwa fedha za kampuni, na kwa zaidi ya miaka hamsini ya kazi isiyokatika. Haijathibitisha kwamba msitu uliokuwa juu ya jiwe lile ulirudi. Wala jiwe halikurudi. Kwa hiyo mtu akija barazani na picha ya mbuga ile akisema "tutafanya kama Bamburi", muulizeni maswali matatu: atakuwa nani kazini mwaka wa thelathini, fedha zimewekwa wapi, na wanyama waliopo leo watakaa wapi katika miaka hiyo yote ya kusubiri?

Basi tukipanda miti baada ya kuchimba, tupande ipi? Mwarobaini unaota popote.

Kuota popote ndiko kunakotutia hofu. Mwarobaini tumeuzoea hata tukadhani ni wetu, lakini asili yake ni Bara Hindi, na ndani ya misitu ya pwani umekuwa mvamizi: ndege wanabeba mbegu zake, zinaota kwenye kivuli, na polepole unasukuma miti ya asili. Panda mmoja uani kwa dawa ukitaka. Usiupande kwenye shimo linalopakana na kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda.

Kazi yenye maana huanza kabla ya shimo. Udongo wa juu uondolewe kwa uangalifu na urundikwe pembeni, kwa sababu umejaa mbegu na wadudu wa mahali pale. Ukiuchanganya na vifusi umeua benki hiyo ya mbegu. Mbegu zikusanywe kwenye msitu wa jirani, kitalu kianzishwe na akina mama na vijana wa hapo hapo. Machimbo ya titani ya Kwale, ambako uchimbaji ulisimama mwishoni mwa mwaka 2024, yalikuwa na kitalu kikubwa cha miti ya asili, na walichojifunza huko kuhusu kuotesha miti migumu ya pwani kina thamani kwa kila mwenye timbo. Mvinje unaweza kutangulia kama mlezi, kisha ukaachia wengine nafasi.

Mimi hukata mawe. Ndiyo kazi inayosomesha wanangu. Mnataka nile nini?

Ndugu yangu, swali hili halina jibu la karatasini, na anayekujibu haraka hajawahi kushika nyundo jua la saa saba. Nyumba zinahitaji mawe. Mji mkongwe wa Mombasa, Lamu, Gede, Kilwa Kisiwani, vyote vilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Sisi ni watu wa jiwe hili tangu kale.

Tunachoomba ni mahali. Matimbo yaliyofunguliwa yachimbwe hadi yaishe kabla ya kufungua mapya. Mengi huachwa nusu kwa sababu mwenye lori amepata jiwe laini zaidi kwingine. Vifusi na vipande vinavyotupwa visagwe kuwa kokoto. Yale mashimo yaliyokwisha kabisa yaweza kuwa mabwawa ya samaki badala ya madimbwi ya mbu, yakizungushiwa ua ili mtoto asitumbukie.

Na msitu uliosimama nao hulipa, ingawa polepole. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede umekuwa ukinunua mabuu (pupa) ya vipepeo kwa wenyeji wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke na kuyauza ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Familia inayofuga vipepeo inahitaji mmea wa asili ambao kiwavi anaula, na mmea huo uko msituni. Asali ni hivyo hivyo. Sitakudanganya kwamba mzinga mmoja unalipa sawa na lori la mawe. Haulipi. Lakini lori la mawe linapita mara moja juu ya ekari ile.

Kaya si zinalindwa tayari?

Kwa sehemu. Misitu ya Kaya za Mijikenda imeorodheshwa kuwa urithi wa dunia tangu 2008, na nyingi ni mali ya kumbukumbu za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa. Ulinzi wa kwanza, hata hivyo, ni wa wazee: miiko ya kutokata mti, kutoingia na viatu, kutotoa kitu. Miiko hiyo ilihifadhi vipande vya msitu ambavyo kwingine vyote vimefyekwa, na watafiti wa mimea huenda huko kutafuta miti waliyoikosa kwingine.

Tatizo ni kwamba mwiko unaishia kwenye mpaka wa kaya. Timbo likifunguliwa hatua chache nje ya mpaka, mlipuko, vumbi na barabara havijui mwiko. Na kijana asiyefundishwa na mzee wake huona mti wa kaya kama mti mwingine. Ndiyo maana tunawaomba wazee watembee na vijana mipakani kila mwaka, waionyeshe mipaka kwa miguu.

Sheria inasema nini?

Kenya, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inataka mradi wa uchimbaji ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na upate leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Katiba ya 2010, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini kama hiyo kupitia NEMC, chombo cha taifa cha mazingira.

Watu husema tathmini ni makaratasi ya kugonga mihuri. Basi wakumbuke Mrima, kilima cha Kwale chenye msitu, kaya, na madini ya niobiamu chini yake. Serikali ilifuta leseni ya uchimbaji mwaka 2013, kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi ikidai fidia kubwa mno. Mwaka 2018 baraza hilo likakataa madai yake, kwa hoja kwamba leseni ilitolewa bila tathmini ya mazingira iliyotakiwa, kwa hiyo haikuwa leseni. Karatasi iliyokosekana iliangusha kesi nzima.

Tangazo la tathmini limebandikwa kwa chifu. Tuanzie wapi?

Piga picha tangazo siku hiyo hiyo, likionyesha tarehe, kwa sababu maoni yana muda wake. Omba ripoti yenyewe, usiridhike na muhtasari. Ukiipata, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya wanyama na mimea. Angalia walitembelea lini: ripoti iliyoandikwa kwa siku mbili za kiangazi haikuwaona vyura wa masika wala maua. Angalia kama walikwenda usiku. Nimesoma ripoti ya timbo iliyosema "hakuna wanyama wa maana", na mahali penyewe nilijua pana komba wanaolia kila jioni. Aliyeiandika alikuja saa nne asubuhi.

Kisha andikeni ya kwenu. Mama anayeokota kuni anajua bundi analia wapi. Mchungaji anajua pango liko wapi. Andikeni mahali, tarehe, mlichoona, na majina ya walioona, mpeleke kwa maandishi na mgongewe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya barazani huisha na upepo.

Kima punju wa Unguja wameonekana hadi mashambani. Si ina maana wanyama huzoea?

Hesabu iliyotangazwa 2017 iliwapata zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, na ni habari njema kweli. Kima wanaoishi kwenye mashamba karibu na msitu wa Jozani wamejifunza hata kula makaa, ambayo huwasaidia kuvumilia sumu iliyomo kwenye majani ya miembe na mikungu. Ni wajuzi. Lakini kuvumilia kuna mwisho, na waliochunguza waliona watoto wachache kuliko inavyotakiwa wakifikia utu uzima. Na huyo ni mmoja aliyeweza kula mwembe. Paa nunga, jirani yake wa vichaka vya maweni, hajajifunza.

Tumevunja mwamba tukakuta pango. Tufanye nini?

Simamisheni mashine upande huo. Msiwashe moto mlangoni, msizibe, msiingie na tochi wote kwa pamoja. Kama kuna mifupa au vyungu, waiteni pia watu wa makumbusho. Jioni, kabla jua halijazama, kaeni mbali kidogo, upepo ukiwapiga usoni, mtulie. Wakianza kutoka, mmoja ahesabu kwa kokoto mfukoni, kokoto moja kwa kila popo kumi, mwingine aandike saa. Kesho yake asubuhi pelekeni hesabu hiyo kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nanyi kabla msumeno haujawashwa.